Kijani cha Sławomir Idziak kilitoka wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Morogoro, kazi yangu ni kupiga video za harusi na sendofu. Sasa mimi na wenzangu tunataka kutengeneza filamu fupi. Niliona Three Colours: Blue, nikafuatilia aliyeipiga, nikaambiwa ni Mpolandi anaitwa Sławomir Idziak, na kwamba kuna filamu nyingine aliipiga yote kwa filta ya kijani. Nimepakua LUT za kijani (zile faili za rangi tayari za kuwekwa kwenye video) kwenye mtandao, nikaziweka kwenye picha zangu, watu wanatoka kama wagonjwa tu. Naomba unieleze huyu mzee ni nani, alifanyaje, na kwa nini Wapolandi wamejaa hivi kwenye kazi hii?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe, maisha yake yatafuata. LUT yako imeshindwa kwa sababu imepaka rangi pale ambapo Idziak alikuwa anafuta. Kijani unachokisikia ni cha filamu ya mwaka 1988, A Short Film About Killing, na hakikuwekwa ili picha ipendeze. Kiliwekwa ili mtazamaji anyimwe vitu: anyimwe anga, anyimwe uzuri wa jiji, anyimwe damu inayopita chini ya ngozi ya watu. Na uamuzi huo ulipitishwa mezani, juu ya karatasi za mswada, kamera ikiwa bado kwenye sanduku lake. Mtu akikuuzia kijani hicho kwa dola kumi amekuuzia kivuli chake.

Idziak alizaliwa Katowice, kusini mwa Polandi, tarehe 25 Januari 1945, Vita vya Pili vikiwa vinaelekea ukingoni. Katowice ni mji wa makaa ya mawe na chuma. Wazazi wake walikuwa wapiga picha, kwa hiyo alikulia kwenye nyumba iliyoishi kwa kazi ya picha. Akaenda kusoma shule ya filamu ya Łódź (tamka "Wuch", usije ukasumbuka), akahitimu mwaka 1969.

Hapo Łódź ndipo nijibu swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Shule ile ilianzishwa mwaka 1948, wakati Warszawa ilikuwa bado magofu ya vita. Wamepita pale waongozaji kama Andrzej Wajda, Roman Polański, Krzysztof Zanussi, Krzysztof Kieślowski. Lakini jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba wanafunzi wa kamera na wanafunzi wa uongozaji walisoma pamoja na kupigiana filamu za mazoezi, kwa mkanda halisi wa filamu. Mpiga picha alitoka shuleni tayari ana mwongozaji wa rika lake aliyegombana naye, aliyeshindwa naye, aliyemwamini. Kabla ya kizazi cha Idziak walikuwa wameshapita watu kama Jerzy Lipman, aliyepiga Kanał ya Wajda mwaka 1957, na Jerzy Wójcik, aliyepiga Popiół i diament mwaka 1958. Watu hao walishaweka desturi kwamba mwenye kamera ana sauti kwenye maana ya filamu, siyo kwenye mwanga peke yake.

Halafu kulikuwa na mfumo wa vikundi vya utengenezaji. Filamu zilikuwa mali ya serikali, lakini zilitengenezwa na vikundi vidogo vilivyoongozwa na waongozaji wenyewe. Idziak alifanya kazi nyingi na kikundi kilichoitwa TOR, ambacho ndicho pia kilikuwa nyumba ya Zanussi na Kieślowski. Ndani ya kikundi mswada ulisomwa na wenzako mapema, ukakosolewa, ukarudishwa. Mpiga picha alikuwa mmoja wa wasomaji hao. Na tukumbuke zama zenyewe: kulikuwa na ofisi ya udhibiti inayosoma maneno ya mswada. Neno linaweza kukatwa kwa kalamu nyekundu. Uso wa mtu uliopigwa nusu gizani ni vigumu kuukata, maana karatasini umeandikwa tu "anakaa, anatazama dirishani".

Desturi hiyo hatimaye ikaingia hata kwenye sheria. Sheria ya hakimiliki ya Polandi ya mwaka 1994, kifungu cha 69, inapowataja wabunifu wa pamoja wa filamu inaanza na mwongozaji, na wa pili kutajwa ni mpiga picha. Mimi ningependa kila mwenye kamera wa kwetu akijue kifungu hicho, hasa wewe unayelipwa kwa siku na kuambiwa "simama pale, piga". Na mwaka 1993, mjini Toruń, Wapolandi walianzisha tamasha la Camerimage, ambapo wageni wakuu ni wapiga picha badala ya waigizaji.

Turudi kwa Idziak. Miaka ya 1970 alijenga jina taratibu. Mwaka 1976 alimpigia Kieślowski filamu yake ya kwanza ya sinema, Blizna, habari za kiwanda kikubwa cha kemikali kinachojengwa mahali ambapo wenyeji hawakukitaka. Kieślowski mwenyewe baadaye hakuipenda, lakini urafiki wa kazi ulizaliwa. Mwaka 1980 peke yake ulikuwa mzito: alipiga Constans na Kontrakt za Zanussi, na Dyrygent ya Wajda, ambayo ndani yake yumo John Gielgud wa Uingereza akiigiza kiongozi wa okestra. Mwaka 1984 akapiga filamu ya Zanussi ya mapenzi ya watu wawili waliochoka na vita, Rok spokojnego słońca, iliyoshinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Alijaribu na kuongoza mwenyewe, mara mbili tatu. Hizo sikai nazo; nguvu yake ilikuwa nyuma ya kamera.

Sasa mwaka 1988, na hapa tukae kidogo.

Kieślowski na mwanasheria Krzysztof Piesiewicz walikuwa wameandika hadithi 10 za televisheni, kila moja ikigusa amri moja ya Mungu. Filamu hizo 10 alizigawa kwa wapiga picha 9, kila mmoja na namna yake. Idziak alipewa ya tano, usiue, ambayo ilitoka pia kama filamu ndefu ya sinema, ndiyo hiyo A Short Film About Killing. Hadithi ni fupi. Jacek, kijana aliyetoka kijijini, anazurura Warszawa bila kazi wala mtu. Anamwua dereva wa teksi, bila sababu inayoeleweka. Serikali nayo inamwua yeye. Mauaji ya kwanza yanachukua dakika kama 7 kwenye skrini, kamba, fimbo, jiwe, na ni magumu sana kutazama. Mauaji ya pili, ya kisheria, yanaonyeshwa kwa utulivu uleule: mtu wa serikali anakagua kamba, anapaka mafuta kwenye mashine, anaangalia kama chombo cha chini kipo mahali pake.

Idziak ameeleza kwenye mahojiano kwamba mswada ule ulimchukiza, na kwamba alimwambia Kieślowski angeweza kuupiga kwa sharti moja: aupige kwa kijani, na atumie filta zake kufunika sehemu ya picha. Kieślowski naye amekiri wazi kwamba wazo lilikuwa la mpiga picha. Alieleza kuwa kijani kinahesabiwa rangi ya machipuko na matumaini, lakini ukikiweka mbele ya lenzi dunia inakuwa katili zaidi, butu zaidi, tupu zaidi. Ona hapo mambo yalivyofuatana. Kwanza mtu alisoma na kuumia. Kisha akajua hataki mtazamaji apate pa kupumzikia jicho. Ndipo akauliza: nitumie nini?

Tazama namna Warszawa inavyoonekana mle. Jiji lile lina mji mkongwe uliojengwa upya baada ya vita, mzuri kabisa, watalii wanaupiga picha kila siku. Jacek anapita humohumo, na wewe huuoni. Pembe za fremu zimezama kwenye rangi ya maji machafu, juu hakuna anga, na katikati pamebaki mwanya wa mwanga wenye uso wake. Mahali pengine nusu nzima ya picha imefunikwa. Unamtazama kijana huyu kwa sababu hukuachiwa kitu kingine cha kutazama.

Kuna tukio moja nataka uliangalie mara mbili, kwa kuwa linatuhusu sisi wa kazi hii. Jacek anaingia kwenye studio ya picha. Mfukoni ana kipicha kilichokunjamana cha msichana mdogo aliyevaa nguo ya komunyo ya kwanza, anataka kikuzwe. Anamwuliza dada wa kaunta kama ni kweli kwamba ukimtazama mtu kwenye picha unaweza kujua yuko hai au amekufa. Hatuelezwi chochote. Mbele sana, gerezani, ndipo tunajua kuwa yule ni mdogo wake, aliyekanyagwa na trekta lililoendeshwa na rafiki yake Jacek baada ya wao wawili kunywa pamoja. Katika filamu ambayo kila kitu kimenyang'anywa rangi, kitu anachokithamini muuaji ni picha. Sidhani mtoto wa wapiga picha wa Katowice alilipiga tukio hilo bila kulihisi.

Filamu ilipata Tuzo ya Majaji kwenye tamasha la Cannes mwaka 1988, na mwishoni mwa mwaka huo ikawa ya kwanza kabisa kupata tuzo ya filamu bora ya Ulaya. Mtu wa mwisho kunyongwa na dola ya Polandi alinyongwa Aprili ya mwaka uleule. Adhabu yenyewe ilifutwa kwenye sheria mpya ya makosa ya jinai ya mwaka 1997. Sikuambii filamu ndiyo iliyofuta kitanzi. Nakuambia ilitoka wakati kitanzi bado kinatumika, na watu walioitazama walijua hivyo.

Sasa ufundi, maana najua ndiko unakotaka kufika.

Filta ya kijani inapitisha mwanga wa kijani na kuuzuia mwingi wa mwekundu na wa bluu. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, uhai wake kwenye picha uko kwenye wekundu. Ukiuzuia wekundu kabla haujagusa mkanda, hakuna atakayeurudisha baadaye: haukurekodiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza na LUT yako. LUT inachukua picha ambayo wekundu umo, inajaribu kuusukuma kando, na mabaki yake yanabaki kwenye midomo, kwenye nguo, kwenye kuta, yakigombana na kijani.

Tofauti ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Filta za Idziak hazikuwa sawa kioo kizima. Nyingine zilikuwa nzito pembeni na wazi katikati, nyingine zimekolea upande mmoja na kupungua kuelekea upande wa pili, na aliweza kuziweka mbili au zaidi mbele ya lenzi, kisha akazisogeza kulingana na mahali alipo mwigizaji. Kwa nini hili lina uzito? Maabara ya zamani, wakati wa kuchapa nakala za sinema, ilikuwa na taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, zilizopunguzwa au kuongezwa kwa fremu nzima. Ukipiga fremu nzima kijani sawasawa, fundi wa maabara anaweza kukigeuza na kukurudishia picha ya kawaida, hata kwa nia njema tu. Ila shavu la kushoto likiwa limezama na la kulia liko wazi, hawezi kugusa moja bila kuharibu jingine. Uamuzi wa mpiga picha unafungwa palepale.

Na filta inakula mwanga. Kwa hiyo fremu iliyofunikwa hivyo ilihitaji hesabu ya makini: mkanda mzuri ulikuwa ghali kwao, na kurudia rudia haikuwa anasa waliyokuwa nayo. Aliyeweka kioo kile mbele ya lenzi aliweka na jina lake rehani.

Miaka mitatu baadaye watu haohao walifanya kazi ambayo ni kinyume chake. The Double Life of Veronique, 1991, ni ya wasichana wawili wanaofanana, mmoja Kraków na mwingine Ufaransa, wote wameigizwa na Irène Jacob, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Cannes. Safari hii filta ni ya dhahabu. Kraków ya wakati ule, nguzo za mwisho za ukomunisti zikianguka, ina maandamano uwanjani na polisi wenye ngao, lakini binti anatembea ndani ya mwanga wa joto kama aliyefunikwa shuka. Kuna mahali yuko kwenye treni, ameshika kampira kang'avu, na ndani yake mji unapita miguu juu. Hakuna kompyuta pale. Ni kampira, dirisha, na mtu mwenye subira ya kutafuta umbali sahihi wa lenzi.

Kisha Blue, 1993, uliyoiona mwenyewe. Nataka ulinganishe. Pale hakutumia bluu kufunika filamu yote kama alivyotumia kijani. Matukio mengi yana rangi za kawaida za Paris. Bluu inavamia: kwenye bwawa usiku, kwenye vipande vya taa ya kioo, kwenye uso wa Julie, mhusika mkuu, pale muziki wa marehemu mumewe unapomrudia bila hodi. Mwanamke anayetaka kusahau, rangi haimruhusu. Na mara kadhaa picha inazimika kabisa, giza, muziki unapiga, kisha inarudi na tuko palepale, sekunde ileile, mtu mbele yake bado anasubiri jibu. Sisi tumezoea picha ikizimika ujue muda umepita. Kwake muda umesimama.

Unakumbuka anapoambiwa na daktari kwamba mume na mtoto wamefariki? Daktari hatumwoni uso kwa uso. Tunamwona ndani ya jicho la Julie, jicho limejaa skrini. Na unakumbuka kipande cha sukari kinachonyonya kahawa mgahawani? Kieślowski alieleza kwamba alitaka kilowe kwa sekunde 5, maana zaidi ya hapo mtazamaji anachoka, na kwamba msaidizi wake alipewa kazi ya kutafuta sukari ya kulowa kwa muda huo hasa. Watu husimulia kisa hicho kuonyesha ukali wa mwongozaji. Mimi nakichukua kama somo la kamera: walijua kwamba katika sekunde hizo 5 dunia yote ya mwanamke huyu imepungua ikawa ukubwa wa sukari, na lenzi ikapelekwa karibu kiasi hicho.

Blue iligawana Simba wa Dhahabu wa Venice na filamu nyingine, na Idziak alipewa tuzo ya tamasha hilohilo kwa upigaji picha. Kwangu kuna heshima kubwa kuliko hiyo: kwenye orodha ya majina ya filamu ile, Idziak ametajwa pia miongoni mwa walioshauri kwenye mswada, pamoja na Agnieszka Holland na Edward Żebrowski. Mpiga picha, kwenye mswada. Ndicho ninachotaka ukishike katika jibu hili lote.

Hollywood ilimwita. Gattaca ya Andrew Niccol, 1997, ndiyo ninayoipenda kuliko zote za kipindi hicho. Ni dunia ya kesho inayowapanga watu kwa damu zao, na Idziak aliipaka dhahabu na kijani hadi jengo la kawaida la serikali ya wilaya kule California, lililochorwa na Frank Lloyd Wright, likawa makao ya safari za anga. Sinema hazikujaa wakati ule. Leo inatazamwa na kufundishwa.

Black Hawk Down ya Ridley Scott, 2001, ilimpa uteuzi wa Oscar. Hii niizungumze kwa uwazi, kwa kuwa inaihusu Mogadishu, mji wa jirani zetu, na kwa sababu wengi kwetu waliijua kwenye vibanda vya video kabla hawajasikia jina la Idziak. Inasimulia mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ambapo walikufa askari 18 wa Marekani na Wasomali wengi mno, mamia. Ilipigwa Morocco. Kwa ufundi ni kazi ya kutisha: vumbi, kamera nyingi kwa pamoja, mchana wa manjano uliokauka, usiku wa kijani. Lakini tazama rangi hiyo inamfanyia nani nini. Kule Warszawa alifunika jiji ili tubaki na uso wa mtu mmoja ambaye tusingependa kumtazama. Hapa kufunika kunawapata wenye mji wenyewe. Mmarekani anaachiwa uso, jina na pumzi ya mwisho. Msomali anabaki kundi linalokimbia ndani ya vumbi. Mpiga picha hakuandika mswada ule, na kwa jinsi ulivyoandikwa hakukuwa na uso wa Msomali wa kuuachia mwanga. Ndiyo maana nakusisitizia mswada. Rangi ileile, mkono uleule, na matokeo mawili yaliyo mbali kabisa.

Baada ya hapo alipiga King Arthur, 2004, na mwaka 2007 Harry Potter and the Order of the Phoenix, labda ndiyo iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote alizopiga. Mwaka 2011 akapiga filamu ya Jerzy Hoffman kuhusu vita vya Warszawa vya 1920, kwa picha za 3D. Natalie Portman alipoongoza filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka 2015, mpiga picha alikuwa Idziak, umri wake ukikaribia miaka 70. Na kwa miaka mingi ameendesha warsha za vijana ziitwazo Film Spring Open, kule Kraków na maeneo ya jirani, akihimiza vikundi vidogo vyenye vifaa vichache vijitengenezee filamu. Watu wa aina yenu, kwa maneno mengine.

Sasa filamu yenu. Ondoa LUT zote kwenye programu ya kuhariri, usizitazame kwa sasa. Kaeni na mswada, wewe na mwongozaji wenu, mpite kila tukio mkiuliza swali moja: mtazamaji asione nini hapa? Mkiona hakuna cha kumnyima, pigeni tukio hilo wazi, bila filta yoyote, na msione aibu. Nusu ya filamu mbovu ninazoletewa zina rangi kila mahali kwa sababu hakuna aliyejua tukio gani linaihitaji.

Mkishapata jibu, na kama kweli ni kijani, fanyeni majaribio mbele ya lenzi. Karatasi ya plastiki ya rangi inayofunga taa za jukwaani inatosha kwa kuanzia. Ikate, ishike kwa mkono upande mmoja wa lenzi, uone inavyoingia kwenye fremu. Funga kwanza mizani ya rangi nyeupe ya kamera (white balance) kwa mkono. Ukiiacha ijipange yenyewe, kamera itaona kijani, itadhani ni kosa, itakifuta, nawe utalaumu plastiki. Ongeza mwanga, maana utaupoteza. Na kamera nyingi za harusi zinarekodi rangi kwa biti 8 tu, yaani kwa ngazi chache za rangi, kwa hiyo uamuzi wa rangi ukiufanya mbele ya lenzi utakuwa salama kuliko kuisukuma picha baadaye hadi ukutani zitokee michirizi.

Jambo la ngozi usiliruke. Idziak alipiga nyuso nyeupe za watu waliotoka kwenye baridi. Kijani kiliziondolea damu, zikabaki nyuso. Ngozi yetu nyeusi inabeba wekundu na dhahabu ndani ya giza lake, na ukiziondoa zote inageuka majivu na kuzama kwenye ukuta wa nyuma. Ndiyo "wagonjwa" unaowaona. Kwa hiyo usiuguse uso. Funika pembeni, funika juu, funika ukuta, halafu mpe mwigizaji taa yake ndogo yenye joto kutoka upande ambao plastiki haifiki. Utapata fremu iliyofungwa na mtu aliye hai katikati yake. Jaribu pia wekundu wa vumbi la Morogoro na bluu ya Uluguru kabla mvua haijanyesha. Sijui hadithi yenu, huenda kijani si chenu kabisa.

Tazama kwa mpangilio huu: A Short Film About Killing kwanza, na uwe na mtu pembeni yako, ni nzito. Halafu Veronique. Halafu urudie Blue ukiwa na daftari, uandike kila mara bluu inapoingia na nini kimetokea sekunde moja kabla. Ukishafanya hivyo niandikie tena, na safari hii niletee kurasa mbili za mswada wenu zenye maandishi yenu pembeni. Picha tutazitazama baadaye.